Jembe Chini, Sikukuu Imeingia

Tarehe 25 Desemba 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, mjini Zanzibar, mahali ambapo miezi michache tu nyuma watu walikuwa wakinadiwa kama bidhaa. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa Juni ya mwaka huohuo, Sultani Barghash bin Said alipokubali mkataba na Waingereza. Waliopanga shughuli ile hawakuichagua Krismasi kwa kubahatisha. Walitaka sikukuu yao kubwa iingie pale palipokuwa na kilio, ikae hapo daima.

Walikuwa wageni. Misheni yao, iliyojulikana kwa herufi zake UMCA, ilizaliwa katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge baada ya hotuba za David Livingstone za mwaka 1857, na ilihamia Unguja mwaka 1864 baada ya jaribio la kwanza, huko Nyasa, kuishia katika homa na makaburi. Jambo moja liliwatofautisha na wageni wengine wa pwani: hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, malazi na fedha kidogo za matumizi, basi. Edward Steere, aliyelisimamia jengo la Mkunazini, alikuwa amesomea sheria kabla ya kuwa kasisi, na alipoondoka kwao alikusudia kukaa muda mfupi tu. Alifia Unguja mwaka 1882 akiwa askofu, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile. Siku hizi watu wa namna hiyo huitwa watu wa kujitolea, na historia ya kujitolea ugenini katika Afrika Mashariki haiwezi kuandikwa bila wao, hata kama mengi waliyoyaamini yamepingwa tangu hapo, na mengine yalistahili kupingwa.

Krismasi ya Unguja haikufanana na waliyoizoea. Desemba ndiyo kaskazi inaingia. Joto linapanda, embe zimeiva, na enzi zile bandari ilikuwa inaanza kupokea majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Hakukuwa na theluji wala kuni za kuotea moto. Kubwa zaidi ni waliokuwa wakisali pamoja nao. Waumini wengi walikuwa watoto na vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakua, kila mmoja kang'olewa kwao. Kwa hiyo sikukuu ile haikuwa ya mgeni akiwakaribisha wenyeji, wala ya wenyeji wakimkaribisha mgeni. Wote walikuwa mbali na nyumbani, na lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili, ambacho Steere alikifanyia kazi usiku na mchana.

Hata hivyo kanisa lenyewe lilisimama kwa mikono ya wengine. Mfanyabiashara wa Kihindu, Jairam Senji, alitoa sehemu ya ardhi. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, Mwislamu, alitoa saa ya mnara kwa sharti kwamba mnara usilipite kwa urefu jumba lake la Beit al-Ajaib. Waashi walikuwa watu wa palepale, na mpaka leo wageni huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, kazi iliyofanyika, kwa mujibu wa simulizi, siku ambazo Steere hakuwapo. Hakuamuru zing'olewe. Watu waliokuja kutoa walijikuta wakipewa kiwanja, saa na nguvu za watu, ili tu wapate mahali pa kusherehekea siku yao. Jambo hilo limejirudia katika kila kizazi cha wageni wa kujitolea waliofuata: siku za kazi mgeni hutoa, lakini siku ya sikukuu ni zamu yake kupokea, na si kila mtu anaijua kazi hiyo ya pili.

Steere alijifunza kuifanya. Katika kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, kilichotoka mwaka 1870, hakuishia kwenye vitenzi na ngeli. Aliandika pia juu ya Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa wakulima na mabaharia. Alieleza jinsi watu walivyokwenda kuoga baharini, wanawake usiku na wanaume baadaye. Jinsi mioto ya nyumbani ilivyozimwa kisha ikawashwa upya kwa kupekecha vijiti. Jinsi nafaka na kunde zilivyopikwa pamoja kwa wingi. Akataja pia kwamba zamani damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa, na magomvi ya kale yalingojewa yamalizwe siku hiyo. Kasisi aliyekuja kuhubiri dini mpya aliandika habari za sikukuu ya kale kwa makini, bila kuikejeli.

Katika maelezo yake limo jambo ambalo wachache hulitambua. Alisema Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Leo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako desturi hii imeshikiliwa kwa nguvu kuliko popote, huangukia Julai. Hakuna aliyeihamisha. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauna mwaka mrefu wa siku 366, kwa hiyo kila miaka 4 unarudi nyuma siku moja ukipimwa kwa kalenda ya serikali. Ukihesabu kutoka 1870 unapata siku zinazokaribia 40, na ndiyo tofauti iliyopo. Maandishi ya mgeni wa karne ya 19 na hesabu ya wazee wa Makunduchi yanathibitishana, na huo ni ushahidi mzuri kwamba hesabu ya wazee haikupotea njiani.

Si wote walioachia sikukuu za wenyeji zikae zilivyo. Mwaka 1876 UMCA ilifungua kituo Masasi, ikihamishia huko watu waliokombolewa kutoka Unguja, na wamisionari wakakutana na jando: miezi ya msimu wa kiangazi, vijana kambini, kisha ngoma na pombe na mji mzima kufurahi watoto wanaporudi wakiwa watu wazima. Kwa miaka mingi walisitasita, wengine wakakataza. Kuanzia muongo wa 1910 Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi, alianza kuliingiza jando ndani ya kanisa, likiwa na sala mwanzo na mwisho. Sifa nyingi zimemwendea yeye. Ukweli ni kwamba mapadri Waafrika ndio waliojua lipi linaweza kuguswa bila kuvunja heshima ya wazee na lipi haliguswi, na pale ushauri wao ulipodharauliwa mambo yaliharibika. Kuipunguza na kuipamba sikukuu ya mwenzio ni jambo zito kuliko kuihudhuria.

Mfano ulio bora zaidi uko upande wa Ziwa Viktoria.

Yapata kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, ukishika barabara ya Musoma, kuna kilima cha Bujora juu ya Kisesa. Hapo katika miaka ya 1950 padri kutoka Quebec, Kanada, David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga kanisa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na katika eneo lilelile kukazaliwa Makumbusho ya Wasukuma. Ukumbi wa ngoma za watemi ulijengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Clement aliishi miongoni mwa watu ambao ngoma kwao haikuwa burudani ya pembeni. Tangu karne ya 19 Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyofuata nyayo za waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Mashindano yao yana sheria moja rahisi inayotia wasiwasi kuliko jopo lolote la majaji: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake.

Kwa sababu hiyo kila kundi hutafuta kila njia ya kuunasa umati. Wapo wanaocheza na chatu hai shingoni. Wapo wa bugobogobo, ngoma iliyotoka shambani, wanaorusha majembe hewani na kuyadaka huku ngoma kubwa zikinguruma. Hapo zamani wakulima walilima kwa mstari wakifuata mdundo huo, jembe likishuka pamoja na mkono wa mpiga ngoma, na shamba lililoonekana halina mwisho likaisha kabla jua halijawa kali. Na wapo wanaotegemea dawa, samba, ambayo huaminika kuwafanya watu wasiweze kuondoka. Mganga wa kundi huheshimiwa sawa na mchezaji bora.

Msimu wa mashindano ni kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na kazi za shamba zikipungua. Sasa, katika kalenda ya Kikatoliki kuna sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo huja takriban siku 60 baada ya Pasaka, yaani mwishoni mwa Mei au Juni. Huko Ulaya ni sikukuu ya maandamano na maua barabarani. Usukumani iliangukia moja kwa moja mlangoni mwa msimu wa ngoma. Mapadri wangeweza kuzifukuza ngoma zisikaribie siku yao. Bujora ilifanya kinyume: maandamano ya Ekaristi yalipita kwa maua na nyimbo, kisha uwanja ukaachiwa Bagika na Bagalu. Hivyo ndivyo sikukuu hiyo, iitwayo huko Bulabo, ilivyokuwa sherehe kubwa ya Kisesa, ikiendelea kwa siku nyingi, na waliofika kwa ajili ya misa wakasimama bega kwa bega na waliofika kwa ajili ya chatu.

Kuna watakaosema kanisa liliiteka ngoma, na wengine watasema ngoma iliiteka sikukuu ya kanisa. Makala haya yanaegemea upande wa wachezaji. Sheria ya ushindi haikubadilika, vyama havikubadilika, msimu haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mgeni alileta siku yake akaiweka katikati ya siku zao, akakubali izungukwe.

Wageni wa aina nyingine kabisa walitua Tanganyika mwaka 1961. Rais John Kennedy wa Marekani alikuwa ameunda Peace Corps, shirika la watu wa kujitolea, tarehe 1 Machi mwaka huo, na Agosti 28 aliyaaga Ikulu ya Washington makundi mawili ya mwanzo, moja la Ghana na lingine la Tanganyika. Hili la pili lilikuwa na vijana zaidi ya 30: wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wanajiolojia, waliofunzwa El Paso, Texas, na kuanza kujifunza Kiswahili hukohuko. Walifika kabla ya uhuru. Hivyo sikukuu kubwa ya kwanza waliyoikuta nchini haikuwa ya kidini wala ya kikabila. Ilikuwa ni nchi yenyewe kuzaliwa.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, katika uwanja wa Dar es Salaam ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka ilikuwa imeshapanda ya kijani, nyeusi na dhahabu. Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge juu ya Kilimanjaro. Mikoani watu walikesha kwa ngoma. Kijana wa Kimarekani aliyekulia katika nchi yenye sikukuu yake ya uhuru kila Julai 4, inayokumbuka mambo ya mababu wa mababu, alijikuta mahali ambapo waliokuwa wakishangilia ni walewale waliotembea mguu kwa mguu kuitafuta kadi ya chama cha TANU. Hakuna mafunzo ya El Paso ambayo yangempa hilo. Alipewa na wenyeji wake, bure, akiwa bado hajapima hata barabara nyingi.

Tena alikuja kujitolea katika nchi ambayo yenyewe ilikuwa inajitolea. Wito wa Mwalimu Nyerere ulikuwa Uhuru na Kazi, na mwaka uliofuata vijiji vingi vilikuwa vikichimba barabara, kufyatua matofali na kujenga shule kwa nguvu za watu, bila malipo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walifika na jembe lao mkononi, wakakuta kila mtu ana lake. Ndiyo maana siku za mapumziko zilikuwa na uzito: Saba Saba, siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954, na tangu 1962 siku ya Jamhuri, zilikuwa siku za kuliweka jembe chini kwa pamoja.

Walikuwa na sikukuu zao pia, na hapo majira yaliwacheza. Wamarekani huadhimisha siku ya shukrani ya mavuno Alhamisi ya nne ya Novemba. Katika sehemu nyingi za Tanzania zenye mvua mbili, mwezi huo ndio wa vuli: mbegu ndiyo kwanza zinaingia ardhini, magugu yanaota, ghala limepungua. Vijana waliotoka vituo mbalimbali hukusanyika kwa mmoja wao, kuku anachukua nafasi ya bata mzinga, boga na viazi vitamu vinapatikana sokoni bila shida, na jirani anayealikwa anauliza kwa nini mavuno yanashukuriwa wakati watu wanapalilia. Swali hilo ni la haki. Wengine walilijibu kwa kuirudia sherehe yao Julai au Agosti, mahindi yalipovunwa, na ikaeleweka mara moja.

Uhusiano wa serikali hizo mbili haukubaki mtulivu. Vita ya Vietnam na siasa za ukombozi viliukata, na Peace Corps iliondoka Tanzania mwaka 1969, ikarudi mwaka 1979. Katikati hapo na baadaye walikuja wengine: Wajapani, Waskandinavia, Waingereza, Wajerumani, Wakanada. Walimu, wauguzi, mafundi wa maji. Kila kundi lilikuwa na kalenda yake mfukoni, na kila kundi lilifundishwa na wenyeji kalenda ya pili. Aliyepangiwa Moshi alijua kwamba ikifika katikati ya Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa Wachaga wanaopanda nyumbani, na kwamba atakayebaki peke yake Krismasi pale mlimani ni kwa kukataa mwaliko, maana mbege imeshapikwa na mbuzi wa ndafu ameshachaguliwa. Aliyepangiwa pwani alijifunza kutopanga safari ya Idi kwa tarehe ya kalenda ya ukutani, kwa kuwa mwezi ukiandama leo sikukuu ni kesho, usipoandama ni keshokutwa, na sahani za tambi, kaimati na visheti zitaanza kupita mlango kwa mlango saa ileile habari inapothibitishwa. Sahani iliyokuja na chakula hairudishwi tupu. Mgeni wa mwaka wa kwanza huirudisha imeoshwa vizuri, ikang'aa, tupu. Wa mwaka wa pili ameshajua kuweka hata maembe mawili.

Visiwa vya kaskazini, kwenye pwani ya Kenya, vina ushahidi wa kwamba mgeni anaweza hata kuwa chanzo cha sikukuu. Habib Swaleh, ambaye jina lake haliachani na Maulidi ya Lamu na Msikiti wa Riyadha, alizaliwa Ngazija, si Lamu. Alifika akiwa kijana, akafundisha hadi watu wa tabaka la chini waliokuwa wakinyimwa elimu, na akaruhusu matari yapigwe katika kumsifu Mtume wakati baadhi ya wakubwa wa mji walichukia. Leo Maulidi hayo, pamoja na mbio zake za punda na mashindano ya majahazi, huvuta watu kutoka pwani nzima, na hakuna anayeyaita ya mgeni.

Na Makunduchi bado wanahitaji wageni. Sherehe yao ya Nairuzi, Mwaka Kogwa, huanzia mahali paitwapo Kae Kuu. Vijana wa upande wa kusini na wa kaskazini hutoka na mabua ya migomba wakachapana kwa nguvu zote, kinyongo cha mwaka mzima kikatolewa hadharani na kuisha hapohapo. Banda la makuti huchomwa likiwa na mtu ndani, naye huchomoka mbio moshi ukimfuata, na wazee huusoma moshi kujua mwaka ujao utaelemea wapi. Wanawake hupita kwa mavazi mapya wakiimba nyimbo zisizomwogopa mtu. Baada ya hapo watu huenda kula, na hapa ndipo penye desturi inayomhusu kila aliyejitolea ugenini: siku hiyo kaya isiyo na mgeni kwenye chakula chake huhesabiwa kuwa na nuksi. Mwalimu wa kigeni wa shule ya jirani au muuguzi wa zahanati haalikwi kwa kuonewa huruma ya upweke. Anahitajika. Kwa siku moja, faida anayoileta katika nyumba ile ni kukaa mkekani, kunawa na kula.

Hilo limezidi kuwa gumu sasa ambapo wengi wanaojitolea huja kwa wiki mbili au tatu, ratiba ikiwa imepangwa na kampuni, na sikukuu ikiingizwa kama safari ya nusu siku kati ya kupaka rangi darasa na kwenda ufukweni. Basi linafika mapigano yakianza, simu zinainuliwa, banda linaungua, basi linaondoka. Chakula hawakukila. Mashirika yanayowaleta yangefanya jambo la maana kama yangeandika katika kalenda zao, kando ya Krismasi na Pasaka, siku za Idi, Maulidi, Bulabo na Nairuzi, na kuacha siku hizo bila kazi yoyote. Kwa Nairuzi watalazimika kuulizia kila mwaka, maana tarehe yake imo katika hesabu ya wazee wa Makunduchi, na wao hawahesabu mwaka mrefu.